Ng'ambo ya Majani

Majani ya Kigali yana mlinzi, yana kibao, yana mtu wa kuyanywesha maji asubuhi na jioni. Mimi nimekulia Morogoro, ambako penye kijani popote ni pa mpira na mbuzi, kwa hiyo ilinichukua muda kuzoea. Nilipokuja kuolewa huku nilikatisha kona ya bustani ya barabarani nikiwahi basi, nikapigiwa filimbi mbele ya kadamnasi. Mama mkwe alipozipata habari alicheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akaacha kucheka, akaniambia, "Mwanangu, hapa hatukatishi. Tunazunguka."

Huyo ndiye aliyekuwa akimlea binti yangu mchana, mimi nikiwa ofisini na baba yake yuko zamu. Mama mkwe alikulia Karagwe, akarudi Rwanda akiwa mtu mzima, na tangu aliporudi amekuwa mstari wa mbele kwenye kamati ya usafi ya mtaa wetu pale Kabeza. Siku ya umuganda, watu wote wanapotoka kufanya kazi za pamoja, yeye hupita na ufagio mkononi akiwaamsha waliojifanya wagonjwa. Mtoto wangu alitoka mikononi mwake amenyooka. Akiwa na miaka mitano tu alikunja nguo zake mwenyewe, alipanga viatu visigino vikiwa pamoja, na soksi ndani. Njiani bibi yake, Nyogokuru kama alivyomwita, alimwonyesha kila kibao, akamuuliza, "Hiki kinasema nini?" Kile chenye mguu uliopigwa mstari mwekundu alikijua kabla hajajua kuandika jina lake. Hata pale nyumbani, kipande chetu cha majani mbele ya mlango, ambacho hakina kibao wala mlinzi, alikizunguka.

Watu walinisifu. Mimi ilinikera. Nilitaka mtoto anayekimbia, anayeanguka, anayerudi nyumbani na magoti mekundu kwa udongo. "Mama, muache achafuke kidogo," nilimwambia mkwe wangu siku moja, naye akanijibu huku akipepeta mchele, "Akichafuka sasa, akikua atafanya nini?" Ubishi wetu ulikuwa wa namna hiyo. Hatukutukanana, lakini hakuna aliyekubali kushindwa.

Ndiyo maana Jumapili zangu zilikuwa za bustani. Kuna njia ya kijani inayofuata bonde, ya kutembea kwa miguu na baiskeli, na bustani zimeshikana nayo moja baada ya nyingine. Ya kwanza ina bembea na mtelezo, na mchanga mzuri kwa watoto wadogo. Inayofuata ina mabwawa, mafunjo na ndege. Mbele zaidi kuna uwanja wa saruji wa kujifunzia baiskeli, na mama mmoja anayeuza ndizi za kuchoma nje ya geti. Mzazi mwenye watoto wadogo sana aishie ya kwanza. Mimi nilikuwa naenda mpaka ya mabwawa, kwa sababu huko binti yangu alisahau adabu kidogo, akafukuza ndege.

Jumapili ninayoisema, mama mkwe alitaka kuja nasi. Alitoka kanisani na kitenge chake kizuri na viatu vya kisigino kifupi. Mimi nilikuwa na kitoto changu cha mwisho mgongoni, nimekifunga kwa kanga. Toka getini tulianza kuvutana. Binti yangu alikuwa akisikia joto, nikamwambia avue soksi. Bibi akasema asivue, kuna minyoo. Nikasema minyoo haiko kwenye saruji. Akasema mimi ni daktari tangu lini. Tulisimama pale kando ya bustani ya pili, watu wazima wawili, tunagombania soksi za mtoto, na nilipogeuka nimwambie mwenyewe achague, hakuwepo.

Niliangalia nyuma ya benchi. Niliangalia kwenye kundi la watoto waliokuwa wakipigwa picha. Pale kuna maji pande mbili.

Nikaita jina lake kwa sauti yote niliyonayo. Mama mkwe akanishika mkono. "Taratibu, mwanangu. Watu wanatutazama."

"Waache watazame! Si wana macho!"

Nikaita tena. Kitoto mgongoni kikaanza kulia. Watu waligeuka kweli, wakatazama, kisha kwa heshima wakatazama pembeni. Nilitamani hata mmoja aniulize, "Kuna nini?"

Halafu nikamwona. Alikuwa ng'ambo ya uwanja mkubwa wa majani, amesimama kwenye ukingo wa saruji, mbele yake korongo mwenye taji akitembea kwa madaha. Alikuwa mzima. Nilicheka kwa sauti, nikapunga mkono. "Njoo! Njoo huku!"

Akaniona. Akatazama majani yaliyokuwa kati yetu, yamepandwa upya, yamezungushiwa kamba, kibao katikati. Akanitazama tena, akaitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia, akageuka, akaifuata njia. Kwa muda mfupi nilijisikia fahari. Mama mkwe alijisikia fahari zaidi, nilimwona alivyoinua kidevu.

Kisha akaniuliza, "Ile njia inapita wapi?"

Mimi naijua ile njia. Inapita nyuma ya mafunjo, inafika bwawani, inavuka kwa daraja la mbao na kurudi upande wetu. Wiki hizo daraja lilikuwa linatengenezwa. Mbao za katikati zilikuwa zimeng'olewa, na mwanzoni pamefungwa utepe wa njano. Nilipofikiria hayo, mtoto alikuwa ameshaingia nyuma ya mafunjo na simwoni tena.

Nikaruka kamba. Udongo ulikuwa umeloa, ndala moja ikabaki, nikaiacha. Filimbi ikalia. Mlinzi alitokea mbele yangu amepanua mikono yote miwili, kijana wa watu, amevaa sare safi.

"Mama, hapana! Hii majani iko mpya. Haikanyagwi. Zunguka kule."

"Mtoto wangu yuko kule!"

"Mtoto iko wapi? Mimi sione mtoto."

"Kwenye maji! Nipishe!"

Aligeuka kutazama bwawa, na kutoka pale mafunjo yalikuwa yamefunika kila kitu, kwa hiyo alichokiona ni mwanamke mwenye kiatu kimoja anayemharibia majani. Akasogea nilikosogea. Nilikuwa tayari kumng'ata, nasema ukweli. Mtoto mgongoni alikuwa analia sikioni mwangu, mtoto mwingine simsikii kabisa, na huko kutomsikia ndiko kulikonitia wazimu.

Hapo mama mkwe akatupita. Viatu vyake alikuwa amevivua au vimemvuka, sijui. Kitenge alikuwa amekikunja juu ya magoti, kilemba kimeanguka, na alikuwa anakimbia katikati ya majani mapya akiita, "Mana yanjye! Mana yanjye!" Mungu wangu, Mungu wangu. Miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Mlinzi alishusha mikono. Tukamfuata, mimi na yeye, mbio.

Tulifika bwawani tukakuta viatu. Vilikuwa vimepangwa ukingoni, visigino pamoja, soksi zimekunjwa ndani. Hatua chache kutoka hapo utepe wa njano ulikuwa umekatisha mwanzo wa daraja, mzima, haujaguswa.

Binti yangu alikuwa ndani ya maji. Yalikuwa yamemfika kifuani. Alikuwa amebeba pindo la gauni lake kwa mikono yote miwili, ameliinua lisilowe, na alikuwa akijaribu kung'oa mguu kutoka kwenye tope bila kufanikiwa. Kila akijaribu alizama kidogo zaidi. Hakulia. Hakuita. Alikuwa amekaza midomo kama anapochanwa nywele.

Mama mkwe aliingia na kitenge chake cha kanisani bila kupunguza mwendo. Tope lilimshika naye, akaanguka kwa mikono, akainuka, akasonga. Mimi nilijikuta nimeshaingiza mguu mmoja, ndipo mlinzi akanivuta kwa nguvu kwa kanga. "Una mtoto mgongoni, mama!" Akanipita yeye. Nikabaki ukingoni, nimeshika fundo la kanga, natazama maji yakifika shingoni mwa mtoto wangu, na siwezi kwenda. Niliogopa siku ile kwa namna ambayo sijawahi kuogopa tena, na sitaki.

Bibi alimfikia kwanza. Akamshika chini ya makwapa, akavuta, akashindwa. Mlinzi akajiinamia, akatafuta miguu kwa mikono humo topeni, akauchomoa mmoja, akauchomoa wa pili. Wakatoka wote watatu weusi mpaka usoni. Filimbi bado ilikuwa shingoni mwa yule kijana, inadondosha maji.

Nilimchukua mtoto nikamkumbatia mpaka akalalamika kwamba namuumiza. Mama mkwe alikaa palepale kando ya njia ya saruji, kwenye majani mapya yaliyofika mpaka huko, akihema, kisha akamvuta mjukuu wake kwake, akamfuta uso kwa kiganja.

"Kwa nini hukupita kwenye majani, mama? Si tulikuwa tunaonana?"

"Kuna kibao, Nyogokuru."

"Na darajani?"

"Kuna utepe." Akanyoosha kidole chenye tope kuelekea bwawani. "Kwenye maji hakuna kitu."

Aliyasema hayo kwa sauti ile ya kujibu swali vizuri, sauti ya njiani wanapotembea wawili. Kisha akamtazama bibi yake, akisubiri kusifiwa kama kawaida.

Mama mkwe hakuweza. Aligeuka akanitazama mimi, na nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nimeyaweka akiba miezi mingi, lakini nilipoona uso wake yote yalinitoka. Nilichoweza ni kukaa karibu naye na kumshika bega.

"Hayo yote nimemfundisha mimi," alisema polepole.

Kisha akainuka kwa magoti, akamshika mtoto mikono yote miwili, akarudi nyuma hatua moja kwenye majani. Mtoto alibaki kwenye ukingo wa saruji, miguu mitupu, vidole vimeishia pale ukingo ulipoishia.

"Kanyaga," bibi akamwambia. "Kanyaga, mama. Ruka. Mimi ndiye ninayekwambia."

Mtoto hakuinua mguu. Aligeuza kichwa, akamtazama mlinzi, akasubiri ruhusa.