Aliyenizuia Mlangoni mwa Ghala la Mvinyo

Kijana wa miaka kumi na sita aliniangusha chini mbele ya mlango wa ghala la mvinyo, akaikumbatia miguu yangu, akakataa kuniachia. Mle ndani, chini ya ngazi, nilikuwa namwona mwanangu amelala kifudifudi, hatikisiki.

Nilimpiga yule kijana. Nilimng'ata. Nilimwambia maneno ambayo mama hamwambii mtoto wa mwenzake.

Hakuniachia.

Jamani, mimi si mtu wa kuanika mambo yangu mitandaoni. Lakini kila msimu wa kuvuna zabibu ukifika, ile harufu ikianza tu kusikika mitaani, nafunga madirisha yote ya nyumba hata kama ni joto. Mwaka huu nimeona bora niliseme.

Naitwa Solange. Naishi kijiji kimoja kusini mwa Ufaransa, upande wa Aude, ambako ukiondoa mizabibu na raga unabaki na upepo tu. Na raga yetu ni ile ya wachezaji kumi na tatu. Ukija hapa ukaanza kusifia ile ya kumi na tano, hata mkate unaweza kuukosa.

Nilikuwa mlezi wa timu ya vijana. Mlezi ni jina la heshima tu. Kazi yenyewe ni kufua jezi, kukata machungwa, kuendesha kibasi na kugombana na marefa. Hiyo ya mwisho sikuandikiwa na mtu, niliifanya kwa mapenzi yangu.

Mwanangu Gaëtan alicheza mbele. Jitu la watu, anapita mlangoni kwa ubavu. Mpinzani wake mkubwa alikuwa ndani ya timu yetu wenyewe, kijana mmoja mfupi, mkimya, anaitwa Clovis Sarda. Huyu akikaba mtu, ameshikwa. Anaingia chini ya magoti kama kupe na hatoki mpaka refa apulize filimbi.

Mwaka ule kituo cha kulea vipaji cha mkoa kilitaka kijana mmoja tu kutoka klabu yetu. Kijiji kizima kilijua ni ama Gaëtan ama Clovis. Mtu wa kituo angekuja Jumamosi kuwatazama.

Sitawaficha, nilikuwa simpendi Clovis. Hakuwa amenikosea kitu. Alikuwa tu amesimama mahali nilipotaka mwanangu asimame.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyojipanga.

Kocha wetu, Ludo, ni fundi umeme. Watoto wanampenda kwa sababu hajui kukata tamaa. Alikuwa amesikia kwamba wachezaji wa timu kubwa huoga maji ya barafu baada ya mazoezi, misuli ipoe. Sisi barafu ya kuwatosha watoto wote wale tungeitoa wapi?

Ndipo Mzee Marcelin, mwenyekiti wa klabu, akatupa ghala lake la zamani. Ni ghala la chini ya ardhi, unashuka kwa ngazi za mawe. Huko chini kuna matangi ya saruji yaliyokuwa ya mvinyo enzi za baba yake, kabla wakulima hawajaanza kupeleka zabibu zao kwenye ushirika. Tangi moja lililo wazi tulilijaza maji ya kisima. Baridi yake, ukiingia, unakumbuka na madeni yako yote.

Siku ya kuoga ilikuwa Jumanne. Wiki ile Jumanne mvua ilinyesha vibaya, mazoezi yakafutwa, Ludo akahamishia Alhamisi.

Na Jumatano, Mzee Marcelin alipeleka zabibu zake ushirika akaambiwa pamejaa, asubiri. Zabibu hazisubiri. Akazimimina kwenye matangi mawili ya ghala lile lile, akarudi shambani kuendelea kuvuna. Alijua watoto wameshakosa siku yao. Ludo naye alijua ghala halina mvinyo. Hakuna aliyempigia mwenzake simu.

Kwetu hata mtoto mdogo anajua habari ya zabibu zinapochacha. Zinatoa hewa nzito, huioni, na inatuama chini kama maji bondeni. Mtu anashuka ghalani kwa miguu yake, anavuta pumzi mbili tatu, analala. Wazee wetu walishuka na mshumaa mkononi, mshumaa ukizimika unageuza.

Na kinachoua wengi si yule wa kwanza. Ni ndugu yake anayekimbilia kumtoa, halafu na ndugu wa pili.

Sote tunajua hilo. Lakini kujua ni jambo la mtu aliyekaa mezani na mvinyo wake.

Alhamisi ile nilitoka kununua mikate na chokoleti ya vijana. Mazoezi yalikuwa yanaisha, jua bado kali. Nikaenda moja kwa moja ghalani kwa Mzee Marcelin, maana nilijua watakuwa wanaoga.

Nilipoingia uani nikamkuta Ludo amekaa chini, mgongo ukutani, anatapika. Uso mweupe. Watoto wengine nikawasikia upande wa barabarani, wanapiga kitu kwa mawe, wanapiga kelele zisizoeleweka.

Mlangoni alisimama Clovis peke yake.

Nikamuuliza kuna nini. Akanyoosha mikono miwili, akashika miimo ya mlango.

Nikachungulia juu ya kichwa chake.

Pale chini, kwenye mwanga hafifu, niliona jezi ya njano.

Hiyo jezi niwaeleze. Timu yetu ina desturi: aliyekaba vizuri kuliko wote kwenye mechi huvaa jezi ya njano mazoezini wiki inayofuata. Wiki ile ilikuwa ya Gaëtan. Nilikuwa nimeifua kwa mikono yangu, nikaipiga pasi, kitu ambacho hata shati la mume wangu silifanyii.

Sasa ilikuwa sakafuni, na mtu ndani yake.

Sikufikiri. Hewa nzito, mshumaa, wazee wetu, vyote vilinitoka. Ludo miaka yote aliwaimbia watoto wimbo mmoja: mwenzenu akianguka, nendeni wote. Na mimi niliimba naye. Nilitupa mikate nikauvamia mlango.

Clovis akaingia chini ya magoti yangu.

Nilianguka kama gunia. Mimi si mwanamke mwembamba, na yule mtoto nusu ya uzito wangu hana. Nikajiburuza kuelekea ngazi naye akining'inia miguuni. Akaniburuza kurudi. Nikashika jiwe la kizingiti, akanibandua.

"Niache, mwanangu yuko chini!"

"Hushuki, mama Solange."

"Anakufa pale!"

"Ukishuka mtakuwa wawili. Ludo kashuka ngazi tatu tu, tumemtoa kwa kumvuta kaptula. Tulia."

Atulie nani? Nikamkwaruza uso. Nikamng'ata mkono nikasikia damu. Kisha nikasema lile neno. Nalirudia hapa kwa sababu hadithi bila hilo ni uongo.

"Unataka mwanangu afe upate nafasi yake. Mwuaji wewe."

Nilimhisi ametetemeka mwili mzima. Kichwa alikuwa amekiinamisha, paji la uso limegandamizwa kwenye goti langu, macho ameyafumba. Aliniangalia usoni hata mara moja? Hakuniangalia.

Ila mikono haikulegea.

Sijui tulikaa vile muda gani. Nilichojua ni kwamba jezi ya njano haisogei. Niliomba. Niliwaomba mpaka watakatifu ambao sijawasalimia tangu nifunge ndoa. Woga ule sina namna ya kuueleza, ni kama kushushwa kisimani huku wewe mwenyewe ndiye unayeachia kamba.

Halafu nikasikia trekta.

Lilikuja kinyumenyume toka nyuma ya nyumba, likivuta mashine ya kupulizia dawa mizabibu. Mliowahi kuiona mnajua, ina feni kubwa kupita mdomo wa pipa. Likasogea mpaka karibu kutukanyaga, mgongo wa mashine ukaelekea mlangoni, feni ikawashwa.

Upepo ule uliondoka na skafu yangu. Hewa safi ikasukumwa ghalani kwa nguvu, na upande wa pili, kumbe kile walichokuwa wanakipiga watoto kwa mawe kilikuwa dirisha la chini la barabarani, wamelivunja, hewa mbaya ikapata pa kutokea.

Clovis bado ameshika miguu yangu.

Dereva wa trekta akaruka chini, akaja akikimbia, akapiga magoti mbele yangu. "Mama, umeumia? Mbona una damu mdomoni?"

Alikuwa Gaëtan.

Nilimtazama mwanangu. Nikatazama ngazi. Nikamtazama tena. Akili ilikataa kabisa kujumlisha.

"Yule pale chini ni nani?"

Gaëtan akanieleza kwamba mwisho wa mazoezi Ludo aliwashindanisha kukaba, yeye Gaëtan akavuliwa jezi ya njano, akavishwa aliyeshinda. Dogo akafurahi mno, akakimbia mbele ya wenzake ili awe wa kwanza kuingia majini.

"Ni Mathurin," akasema.

Mathurin Sarda. Mdogo wake Clovis.

Yule niliyemwita mwuaji alikuwa amenizuia mimi, amemzuia Ludo, amewazuia wenzake wote, amemtuma mwanangu akawashe trekta na wengine wakavunje dirisha, na muda wote huo aliyekuwa anakufa pale chini alikuwa ndugu yake wa tumbo moja.

Watoto walikuwa wameshawapigia simu zimamoto wa kijiji, ambao ni wakulima vilevile, wakaja toka shambani na mikono michafu ya zabibu. Wakavaa barakoa zao za hewa, wakashuka, wakapanda na Mathurin mabegani. Midomo ilikuwa rangi ya zabibu zenyewe. Wakamlaza uani, wakampa oksijeni, wakamsukuma kifua.

Hapo ndipo Clovis aliniachia. Hakukimbia. Alitembea kwa magoti mpaka alipolala mdogo wake, akamshika kisigino, akakaa.

Mathurin alikohoa.

Sijawahi kusikia goli, wala king'ora, wala wimbo wa harusi uliopendeza kama kile kikohozi. Ludo alilia kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemcheka. Mzee Marcelin alifika akiwa na mkasi wa kuvunia mkononi, akaona, akakaa chini kwenye mikate yangu.

Mtoto alilazwa hospitali, akatoka mzima. Mpaka leo anasahau majina ya watu, lakini mama yake anasema hata zamani alikuwa hivyo.

Mechi ya Jumamosi iliahirishwa. Mtu wa kituo alikuja baadaye, akawatazama, akamchagua Gaëtan. Ndiyo, Gaëtan. Clovis siku hiyo alicheza ovyo, mkono wake ulikuwa bado na kidonda, na kidonda kile meno yake nayajua.

Siku mwanangu anaondoka kwenda kituoni, Clovis alikuja kutusaidia kupakia mabegi. Bila kuitwa. Gaëtan alipoingia ndani kutafuta viatu, tukabaki wawili nyuma ya gari.

Nilikuwa nimeshamwomba msamaha mbele ya wazazi wake, na keki nimepeleka, na machozi nimetoa. Lakini kuna swali moja lilikuwa bado linanisumbua.

Nikamuuliza, "Clovis, ulijua nimedhani ni Gaëtan. Ungesema tu si yeye. Neno moja. Nisingekupiga, nisingekung'ata. Kwa nini ulinyamaza?"

Akasukuma begi moja ndani ya gari.

"Ningekuambia si Gaëtan, ungetulia," akasema. "Ungetulia, ningekuachia."

"Si ndiyo vizuri?"

"Ningekuachia, mama Solange, ningeshuka. Mimi sikuwa nakushika wewe. Nilikuwa najishikilia nisishuke."

Nilimkumbatia pale pale, na safari hii mimi ndiye niliyekataa kuachia, mpaka Gaëtan akatoka na viatu vyake akatuuliza tuna nini.

Nawaachia hili, mlichukue mpendavyo. Mpendwa wako akianguka mahali, kabla hujamkimbilia, uliza kwanza ni nini kilichomwangusha. Na siku ukimwona mtu anakuzuia na huelewi kwa nini, usiwe mwepesi wa kumwita adui, maana hujui mwenzako mle ndani ameacha nini.