Uso Nisioujua

Mwanangu, nikikuona umeinamia meza unafinyanga visanamu vyako, nakumbuka siku moja ya ujana wangu kijijini Bondeni, na mwili unanisisimka hadi leo.

Mama mdogo alikuwa ameniletea kutoka Dar udongo wa plastiki, ule wa rangi rangi unaokuwa mgumu ukiokwa. Niliuoka kwenye sufuria yenye mchanga, makaa juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki. Siku hizo mchoraji mmoja mgeni alikuwa amechora picha kubwa kwenye ukuta wa ukumbi wa kijiji: mwanamke anafukuzwa kijijini, anaitwa mchawi, na watu nyuma yake wameshika mawe. Picha ile ilinikaa moyoni. Nikaamua kuifinyanga yote, kila mtu kimo cha kidole gumba.

Shida ilikuwa kwa yule mwanamke. Mchoraji alimwonyesha mgongo tu, na sanamu lazima iwe na uso. Basi nikaviachia vidole. Vikampa kovu kidevuni na ndewe ya sikio la kushoto iliyochanika. Macho nikayafumba. Sikuwa namfikiria mtu yeyote, mwanangu. Naapa.

Asubuhi nikavipanga visanamu ukumbini watu wavione. Akaja Tumpe, mama muuza mchele kutoka Mwaya. Akainama, kisha akanishika mkono.

“Mdogo wangu, huyu ulimwona wapi?”

“Sijamwona, dada. Nimemfinyanga tu.”

“Huyu ni mama yangu.”

Akanieleza. Alikuwa mdogo sana mama yake alipoitwa mchawi. Aliambiwa mama amepanda meli bandarini Itungi, akaenda zake kusini mwa ziwa. Picha yake haikuwepo hata moja. Sura yenyewe Tumpe alikuwa ameshaisahau mpaka dakika ile.

Nyuma yetu alisimama mzee mmoja, jirani yao wa Mwaya. Akaanza kurudi kinyumenyume, uso ameuziba kwa kofia.

“Mfunikeni huyo,” akasema. “Ananitazama.”

Nikaangalia. Macho ya sanamu yalikuwa yamefumbwa, vilevile nilivyoyafumba mimi.

Nikachukua kitambaa nimfunike. Bibi yangu, mfinyanzi wa vyungu wa Ikombe, aliyekuwa kando yangu, akanidaka mkono. “Mwache. Keshafunikwa vya kutosha.”

Yule mzee akaketi sakafuni, akalia. Mama yake Tumpe hakupanda meli, alisema. Alikufa kwa mawe yao wanakijiji, yeye mzee akiwemo, wakamzika kwenye migomba, wakaapishana kunyamaza. Siku hiyohiyo Tumpe alionyeshwa mahali. “Ndaga,” yaani asante kwa lugha ya kwao, ndilo neno pekee aliloniambia, sanamu ameikumbatia kifuani. Sikuidai.

Nani aliongoza vidole vyangu, sijui, na sijathubutu kuuliza. Ila nakuusia, mwanangu: ukifinyanga mateso ya watu, usiyafanye pambo la kabatini. Uso unaouumba huenda una mwenyewe, na mwenyewe ana watu wanaomtafuta. Akija mtu kukuuliza, msikilize hadi mwisho. Ukiogopa, ogopa, lakini usifunike. Mungu akupe mkono mwepesi na moyo usiokimbia, na popote utakapobisha hodi, upokewe kwa amani.