Fuksia ya Hilda

Kwa miaka thelathini na moja niliyokaa jirani na Clifford Sugden, nilimwona akilia mara moja tu. Alikuwa dereva wa lori la maziwa, mbishi wa kutupwa, na bustani ya mbele alimwachia mkewe, Hilda. Hilda ndiye aliyeiotesha fuksia ile kutoka kwenye mbegu: maua madogo meupe, yenye wekundu wa mbali kama mashavu ya mtoto aliyetoka kwenye baridi. Hapakuwa na nyingine kama hiyo popote.

Hilda alipofariki, Clifford akaurithi mmea pamoja na masharti yake. Kila Septemba alikata vitawi viwili vitatu, akavipanda kwenye vikopo dirishani jikoni, akiba endapo mmea mkubwa ungekufa kwa baridi. Kila Novemba alilifunika shina kwa majivu na majani makavu. Vijiti vilivyokauka hakuvigusa hadi Aprili, maana ndivyo vinavyolikinga shina na jalidi, baridi ile inayogandisha udongo.

"Clifford, hapo mlangoni pako pamekaa kama ufagio uliotupwa," nilimtania.

"Ulimi wako ungekuwa jembe, tungeshalima mkoa wote wa Yorkshire. Hilda alisema visiguswe."

Mmea ukishaamka salama, ile miche ya akiba aliitupa. Nilimwomba mmoja mara tatu.

"Hilda alikuwa mmoja," alisema. Nikanuna. Ninanuna vizuri sana, muulizeni yeyote.

Septemba moja akateleza kwenye ngazi, akavunjika nyonga, akalazwa hadi mwanzoni mwa Februari. Mwaka huo hakuna aliyekata vitawi. Binti yake, Maureen, alikuja kuiangalia nyumba. Mchapakazi, asiyejua kukaa. Jumamosi moja ya Novemba nilimkuta na mkasi mkubwa mkononi, fuksia imekatwa hadi usawa wa udongo, na pale chini pamefagiliwa pakang'aa.

"Nimemsafishia Baba," akasema. "Akirudi akute pazuri."

Nilijua alichofanya. Majivu nilikuwa nayo, ndoo nzima, nyuma ya mlango wangu. Nikamwambia, "Umefanya vizuri, mwanangu," nikaingia ndani kupika chai. Mmea nilionyimwa haunihusu, nilijiambia. Mungu anisamehe.

Januari ardhi iliganda wiki tatu mfululizo.

Clifford alirudi na fimbo, akapatazama pale peupe. Fuksia huchelewa kuamka, kwa hiyo alisubiri. Aprili ikapita, Mei ikapita. Kila asubuhi alisimama pale na kikombe chake. Nami nilikuwa nyuma ya pazia, nikiomba litokee hata jani moja. Juni alipiga goti la upande wake mzima, akafukua kwa vidole. Mzizi ulikuwa mweusi, umelainika kama ndizi iliyooza. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, barabarani watu wakipita, nami nikashindwa kutoka.

Wiki iliyofuata akapanda basi hadi sokoni, akarudi na fuksia nyingine. Nyeupe, ila maua yake makubwa zaidi. Akaipanda palepale.

"Maureen asijue," akaniambia. "Alinitakia mema."

Maureen alipokuja Julai akapiga makofi. "Umeona, Baba? Kumbe kukatwa kumeupendeza! Hata maua yamenenepa!"

"Kweli, binti yangu. Mama yako angefurahi."

Clifford aliumwagilia mmea ule miaka miwili, kisha naye akaondoka. Siku ya mazishi Maureen aliweka tawi la fuksia ile juu ya jeneza, kisha akanijia na kikopo chenye mche.

"Baba alisema ulimwomba mara tatu akakunyima. Chukua, wa Mama huu."

Nikaupokea. Sasa uko mlangoni pangu, na kila Novemba naufunika kwa majivu, ndoo nzima.