Matuta Matatu Nyuma ya Nyumba ya Toongabbie

Bustani niliitaka mimi. Baba alikuwa ameanza kupotea ndani ya nyumba aliyoishi miaka sita, anafungua kabati la vikombe akitafuta choo. Daktari alitueleza kuwa ugonjwa wa kusahau hauponi, ila mgonjwa akipewa kazi ambayo mikono yake iliizoea, hutulia. Baba alikuwa mkulima Burundi, na hata kambini Kigoma, tulikokimbilia, hakuacha kushika jembe. Nikaona dawa nimeipata.

Mwezi wa saba hapa Toongabbie, pembezoni mwa Sydney, ni baridi, nyasi za uani zinaamka na ukungu mweupe. Nilikaa na baba mezani nikachora ua wetu kwenye daftari. Upande unaopigwa na jua la asubuhi nilipanga matuta matatu yenye urefu mmoja: la kwanza mchicha na sukuma, la pili nyanya na maharage ya kutambaa, la tatu maua ya kukata, zinia na kosmosi. Maua yalikuwa tamaa yangu mwenyewe. Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye makao yao, na kila wiki naona watoto wa watu wakiwaletea wazazi maua yaliyofungwa kwenye karatasi. Nilitaka na mimi siku moja nikate yangu nyumbani, niyaweke mezani kwangu.

Mwezi wa nane tulisia mbegu kwenye trei za mayai, tukazipanga dirishani jikoni. Kila asubuhi baba alizigeuza trei zote ili miche isilalie upande mmoja. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa akizihesabu kwa Kirundi, taratibu, na siku hizo hakuuliza tunarudi lini nyumbani. Zilikuwa wiki tatu nzuri. Naziandika kwa sababu hazikuwa nyingi.

Majira ya machipuko yalipokaribia nilipima matuta kwa kamba na vijiti. Udongo wa huku ni mfinyanzi, ukikauka ni kama tofali. Nilinyunyiza jasi ili ulainike, nikanunua mifuko tisa ya mboji nikailaza sambamba kando ya uzio. Nikamwambia baba achimbe kidogo kidogo, kina cha sepetu moja kinatosha. Mume wangu, anayeendesha lori la makontena bandarini Port Botany, alikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo mchana alikuwepo nyumbani ingawa muda mwingi alilala.

Siku ya kwanza nilirudi kutoka kazini nikakuta tuta limechimbwa hadi usawa wa magoti. Nilifurahi. Nilidhani ndivyo walivyolima kwao. Siku ya pili tuta la pili lilikuwa vilevile, na la kwanza limeongezwa kina. Kuta zake zilikuwa zimenyooka kama zimepigwa plasta, na udongo umerundikwa upande mmoja tu. Siku ya tatu nilimkuta amesimama ndani, shimo limemfika kiunoni, shati limelowa jasho.

Nilimwambia, "Baba, inatosha sasa. Mizizi ya mchicha haifiki huko."

Hakuacha kuchimba. "Bado. Mvua ikija itawafukua."

"Itawafukua akina nani?"

Akanyoosha kidevu kuelekea kwenye uzio. "Hao."

Niligeuka nikaiona mifuko ya mboji, tisa, imelala bega kwa bega. Nilikaa ukingoni mwa shimo, na hapo ndipo nilipoliona tuta la tatu, la maua. Alikuwa ameshalianza. Kamba niliyoifunga alikuwa ameing'oa na kuifunga upya, na tuta halikufika hata mita moja. Nilimuuliza kwa nini amelifupisha.

"Huyu ni mdogo," alisema, kwa sauti ya mtu anayeelekeza kazi.

Nilimpandisha juu, nikamwogesha, nikamlaza. Kisha nilimpigia simu shangazi, dada yake, anayeishi Brisbane. Nilimweleza yote. Akasema mwaka wa kipindupindu kambini baba alikuwa kwenye kikosi cha wachimba makaburi. Walikuwa wanaume wanane, wanapewa sabuni na glavu, na asubuhi wanakuta maiti zimeshapangwa zinawasubiri. Hilo sikulijua. Nikamuuliza kuhusu tuta fupi.

"Ulikuwa na dada," alisema. "Alikutangulia. Alikuwa na miezi minne. Siku ya kumzika wenzake walitaka kumpokea baba yako jembe, akakataa, akachimba peke yake. Mama yako alikataza jambo hilo lisitajwe tena."

Nilimuuliza aliitwa nani. Shangazi alijaribu, akataja majina mawili, akayakataa yote. Mama tulimzika hapa Sydney miaka mitatu iliyopita, na hakuwahi kunidokezea. Maisha yangu yote nimeitwa kifungua mimba. Nimepewa mizigo ya kifungua mimba na heshima yake, kumbe nafasi ile ilikuwa na mwenyewe.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikafukia mashimo. Nilianza kuipasua mifuko na kuimwaga mmoja mmoja. Baba alitoka, akavua kofia, akasimama. Baada ya muda alipiga magoti akanisaidia kusukuma udongo kwa viganja, polepole, kama anayemfunika mtu asimwamshe. Sikumzuia. Tuta fupi sikuweza kulirefusha. Nililiacha kwa kipimo chake, nikapanda humo zinia tu.

Mchicha ulistawi kuliko nilivyotarajia. Nilipoupika baba alisogeza sahani, akaketi ameangalia ukuta. Sukuma vilevile. Nilijaribu kuchanganya na karanga, akafunga mdomo kama mtoto. Ikawa mboga za kula nanunua dukani, na zetu nagawia watu wa kanisani, ambao walinisifu kwa mkono wangu wa kilimo. Niliwashukuru.

Zinia zilichanua mwezi wa kumi na moja, nyekundu na za rangi ya chungwa. Kufikia hapo baba alikuwa hakumbuki kuchimba. Asubuhi moja alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na tuta lile, akaniuliza maua ni ya nani. Ningeweza kusema chochote. Lakini nilikuwa nimekaa na jambo lile miezi miwili, na aliyebaki kulijua jina ni yeye peke yake.

Nikamwambia, "Ni ya binti yako. Yule wa kambini, wa miezi minne. Baba, aliitwa nani?"

Uso wake ulibadilika mbele yangu. "Amekufa?" aliuliza. "Lini?"

Alilia hadi mchana. Alilia kama mtu aliyepata habari dakika ile, na kwake ndivyo ilivyokuwa. Mume wangu aliamka, akatutazama wote wawili, akaniuliza nimemfanya nini mzee. Jina halikutoka. Nilimkumbatia, nikijua kuwa nimemzikisha mtoto wake mara ya pili kwa ajili ya kitu nilichokitaka mimi.

Alipoamka siku iliyofuata alikuwa hana kumbukumbu ya kilio, macho tu yamevimba. Alirudi kwenye kiti chake. Nilikuwa nakata zinia kwa mkasi wa jikoni.

"Maua ya nani haya?" aliuliza.

"Ni yangu, baba. Nimeyapanda tu."

Aliyatazama kwa muda. Akasema ni mazuri, na akanionya nisiyamwagilie jua likiwa kali, yataungua.