Mji wa Dada Yangu, Kutoka Mlimani Hadi Bandarini

Asubuhi ile mama alikuwa nyumbani kwangu, mtaa wa Ansab, anakunywa chai mbele ya televisheni, nami natafuta funguo za gari niende kazini. Mara akaniita. Kwenye ramani ya Japani pwani nzima ilikuwa nyekundu: tetemeko, na tahadhari ya tsunami. Miongoni mwa miji waliyoitaja ulikuwemo wa dada yangu, aliyeolewa huko.

"Nnampigia, hapatikani," mama alisema.

"Yeye yuko milimani, mama. Bahari iko mbali."

Sikumdanganya. Mwaka juzi nilikwenda kumtembelea dada. Mji ule ni vijiji vya milimani na mji mdogo wa bandari, vilivyounganishwa kuwa mji mmoja watu walipopungua. Jina jipya limo kwenye kila kibao, lakini mama mkwe wake akiulizwa kwao wapi, hutaja kijiji chake cha zamani. Kutoka hapo hadi manispaa, kule pwani, unapita misitu ya misonobari na mashamba ya mpunga yaliyoachwa.

Lipo nililomficha mama. Baada ya kuunganishwa, skuli ya kijijini ilifungwa. Mpwa wangu hushuka kwa basi hadi skuli ya bandarini, na wakati ule Japani ilikuwa mchana, watoto wamo madarasani.

"Mbona huendi kazini?" mama akaniuliza. "Kuna nini?"

Nikamwambia. Hakulia. Akaanza kusoma dua, midomo ikicheza bila sauti.

Hatimaye dada akapiga, anahema. Nyumba ilikuwa salama, lakini barabara ya kushukia pwani imeporomoka, na skulini hawapokei simu. "Niombeeni," akasema, simu ikakatika.

Tulikaa hivyo mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Ndipo akapiga tena: walimu waliwapandisha watoto kwenye kilima nyuma ya skuli, na baba wa mpwa wangu alizunguka njia ya msituni akamfuata mwanawe, akamrudisha. Maji yaliishia bandarini.

"Bibi, kiatu changu kimepotea," mpwa wangu alisema kwenye simu, kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika.

Hapo ndipo mama alipolia.

Baadaye dada alikwenda manispaa kuomba skuli ya kijijini ifunguliwe tena. Wakamjibu kwa adabu kwamba watoto wa huko juu hawatoshi hata darasa moja. Wiki iliyofuata, barabara ilipofunguliwa, mpwa wangu akapanda basi tena, akashuka pwani.