Vidole vya Wino

Binti aliyekuja kutuchorea lebo za chupa mpya za chai ya duka letu huanza kazi kwa kunywa bakuli zima la chai chungu, macho kafumba, kisha husugua pua kwa kidole chenye wino. "Polepole, dada, utatumalizia mitishamba kabla hatujauza!" kaka yangu Gim-fai humtania. "Nitachoraje uchungu nisioujua?" humjibu, kisha hurudi kwenye droo za dawa kunakili mwandiko wa marehemu baba, herufi moja moja. Kila droo huigonga taratibu kabla ya kuifungua, kama mtu anayebisha hodi. Mama alikataa lebo hizo zichapishwe. Aliogopa zingemfuta baba katika duka alilochemshia chai miaka arobaini, hapa Guangzhou.

Siku ya arobaini na tisa tangu msiba, ambayo kwa desturi yetu hufunga matanga, tukimfukizia baba ubani, binti alileta chupa ya kwanza ya mfano. Hakutuonyesha mchoro wake. Alimimina chai iliyokuwamo katika bakuli la baba, akaliweka mbele ya picha yake, kisha akatoa mfukoni ganda la chenza lenye sukari, lile ambalo baba alimpa kila mteja akishamaliza kunywa. "Shangazi, mzee asibaki na uchungu mdomoni," alimnong'oneza mama. Mama alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Kachapishe, mwanangu. Na kila chupa iende na ganda lake." Nilipopiga magoti, nilimwombea baba kwanza, kisha nikashukuru kwa vidole vile vya wino.