Mtunza Stoo Asiye na Ufunguo

Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, upande wa utunzaji wa maghala, na kila asubuhi nakaa kwenye ngazi za duka la jirani nikimsubiri mtu aje kunifungulia stoo ninayoitunza. Sitanii. Duka letu ni la jumla, hapa Nyamagana: mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni. Ufunguo anao mpwa wa bosi, kijana aliyekuwa akirundika katoni za sabuni juu ya magunia ya mchele, halafu anashangaa wateja wakirudisha mchele unaonuka sabuni.

Chuoni tulifundishwa kwamba anayewajibika kwa mzigo ndiye anayeshika ufunguo, na hapa mzigo ukipungua mimi ndiye ninayekatwa mshahara. Nilimweleza bosi hivyo, kwa adabu. Akacheka.

"Dada, elimu yako naiheshimu sana," alisema. "Ila ufunguo unakaa kwenye familia."

Basi nikaipanga stoo ninavyojua: mzigo uliotangulia kuingia mbele, mpya nyuma, sabuni kwenye kona yake. Mchele ukaacha kunuka. Bosi akampongeza mpwa wake mbele ya wateja. Nikaendelea kupanga magunia, maana kodi ya chumba Buhongwa hailipwi kwa hasira.

Mama hakuyajua hayo. Kahawa yake ndiyo iliyonisomesha, na kule kwetu Kagera alishawatangazia akinamama wote wa jumuiya kwamba mwanawe amekabidhiwa ghala Mwanza. Ungedhani nimepewa bandari. Kila akipiga simu aliuliza, "Ghala lako linaendeleaje?" Sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Mwaka huu akaja mwenyewe, kwa basi, na kopo la senene, wale panzi wa kwetu, aliowakaanga, zawadi kwa bosi aliyemwamini mwanawe. Kesho yake asubuhi nilimwomba apumzike, akakataa; alitaka kuliona ghala. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Tulipofika mlango ulikuwa umefungwa, nami nikaketi pale pale ninapoketi siku zote. Mama alibaki amesimama.

"Si ufungue?"

"Ufunguo hauko kwangu, mama. Anao kijana mmoja, anakuja."

Akaukumbatia mkoba wake kifuani. Mpwa alifika jua limeshakuwa kali, akashuka kwenye bodaboda akizungusha ufunguo kidoleni.

"Shikamoo mama," alisema, maana adabu ya mdomo anayo.

"Marahaba."

Mama alimtazama, akautazama ule ufunguo. Kisha akafungua mkoba, akatoa lile kopo, akampa kwa mikono miwili.

"Asante kwa kunitunzia mwanangu," alimwambia.

Nilimtembeza mama stoo nzima. Nilimweleza kwa nini magunia yamekaa vile, nini kinatoka kwanza na kwa nini. Aliitikia kila nililosema, lakini macho yake yalikuwa mlangoni, kwenye kufuli.

Mchana, mama akiwa ameshaondoka, mpwa wa bosi alikaa juu ya magunia niliyoyapanga, akafungua kopo.

"Karibu dada, onja," aliniambia, kwa ukarimu kabisa. "Mama yako anajua kukaanga."

Nilinawa mikono, nikasema asante, nikala senene wa mama yangu kwa kukaribishwa.